Somo: Kutoa matoleo mara kwa mara bila vijenzi kuacha kuelewana

Timu nyingi za programu za kompyuta zikichoshwa na hitilafu zinazotokea kila toleo jipya likitoka, huamua kupunguza kasi: badala ya kila wiki, wanatoa kila miezi 3. Napinga dawa hiyo. Toleo la miezi 3 hubeba mabadiliko mengi kwa mpigo, na vijenzi viwili (sehemu za mfumo zinazotumiana data) vikigoma kuelewana hujui uanzie wapi kutafuta. Mfumo huvunjika pale unapoondoa kitu ambacho kijenzi kingine bado kinakitegemea, uwe umetoa toleo kila siku au mara moja kwa mwaka.

Hatua ya 1: Jua nani anamtegemea nani. Andika kila kijenzi kinapokea nini na kinatoa nini: API (njia ambayo programu moja huiomba nyingine data au kazi), ujumbe wa kwenye foleni, faili za mipangilio. Jedwali la hifadhidata linalosomwa na huduma mbili husahaulika sana, nalo ni mkataba kamili, yaani ahadi ambayo vijenzi vingine vinaitegemea. Usitegemee nyaraka peke yake. Soma kumbukumbu za seva uone nani anaita nini kweli.

Hatua ya 2: Namba ya toleo iseme ukweli. Kwa utaratibu wa Semantic Versioning, kwenye 2.4.1 namba ya mwisho hupanda ukirekebisha hitilafu, ya kati ukiongeza kitu bila kumvuruga mtu, ya kwanza ukivunja mkataba. Toleo linaloanza na 0 haliahidi chochote, kwa hiyo kijenzi ambacho wengine wameshajenga juu yake kisibaki huko.

Hatua ya 3: Ongeza kwanza, ondoa mwisho. Hapa ndipo penye kazi, tukae kidogo. Tuseme kijenzi A kinatuma kwa B ujumbe wenye `muda_wa_kusubiri: 30`, yaani sekunde 30, na sasa mnataka kutumia milisekunde. Ukibadilisha maana na kuacha jina lilelile, siku ya kutoa hakuna kitakacholalamika: namba bado ni namba, ukaguzi wa muundo unapita, majaribio ya A yanapita. Kisha B ya zamani inapokea 30000, na ombi lililokwama linasubiriwa kwa zaidi ya saa 8.

Njia salama ni hii. Kwanza A itume nyuga (sehemu za ujumbe zenye jina) zote mbili, `muda_wa_kusubiri: 30` na `muda_wa_kusubiri_ms: 30000`. Toa toleo. Halafu B isome uga mpya, na ikiukosa irudi kwenye wa zamani. Toa toleo. Wapokeaji wote wakishahama, A iache kutuma uga wa zamani. Hayo ni matoleo 3 madogo, na hakuna hata moja linalolazimisha A na B kutoka dakika moja. Jina la zamani lisipewe kazi nyingine. Wanaotumia Protocol Buffers, mfumo wa kupanga data ya ujumbe ambamo kila uga una namba, wana kanuni hiyohiyo: namba ya uga uliofutwa huwekwa akiba, haitumiki tena.

Hatua ya 4: Jaribu jozi. A mpya na B ya zamani, kisha A ya zamani na B mpya, maana wakati wa kusambaza zitaishi pamoja. Weka pia mpaka wa tofauti inayoruhusiwa. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, wameuandika wao: tangu toleo 1.28, kubelet (kijenzi cha kwenye kila seva) inaweza kuwa nyuma ya kube-apiserver (kijenzi cha katikati) kwa matoleo madogo 3, yaani ya namba ya kati, lakini isiitangulie kamwe. Bila mpaka kama huo, jozi za kujaribu hazina mwisho.

Hatua ya 5: Tangaza tarehe ya kuzima, na iwe ndani ya majibu ya API yenyewe. Kichwa cha HTTP (taarifa fupi inayotangulia jibu la seva) kiitwacho Sunset (RFC 8594, 2019) kipo kwa kazi hiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, kwa nini tusitoe vijenzi vyote siku moja tukamaliza?

Jibu: Kwa bidhaa inayotoka kama kifurushi inafaa. Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, hutoka hivyo, Aprili na Oktoba. Lakini seva zako zikibadilishwa moja baada ya nyingine, mpya na ya zamani zitakutana tu, na programu iliyo kwenye simu ya mtumiaji haisasishwi kwa amri yako.

Swali: Nibebe cha zamani hadi lini? Msimbo unazidi kuwa mzito.

Jibu: Angalia kama unawafikia wote wanaokitumia. Wakiwa ndani ya kampuni yenu, wiki chache zinatosha. Wakiwa umma, jiandae kwa miaka. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Kwa maoni yangu, kuvunja mambo mengi kwa wakati mmoja ndiko kulikoirefusha safari ile.

Swali: Na kubadilisha jina la safu (column) kwenye hifadhidata je?

Jibu: Njia ni ileile: ongeza safu mpya, andika kwenye zote mbili, nakili data ya zamani, hamisha usomaji, ndipo ufute. Ila kufuta kusifanyike siku moja na toleo la programu. Programu unairudisha nyuma kwa dakika chache. Safu iliyofutwa utaitafuta kwenye nakala rudufu, na kilichoandikwa baada ya nakala hiyo kimepotea.