Pima Maji Kabla ya Kuwasha Pipa

Wiki iliyopita, upande wa Njoro, nilimkuta mama mmoja ameketi mbele ya pipa lake la kuchomea mkaa wa magunzi ya mahindi, ule wa kutengenezea briketi (mabonge ya vumbi la mkaa), tangu saa nne asubuhi. Saa kumi na moja jioni pipa lilikuwa bado linatoa moshi mweupe mzito. Tulipolifungua, magunzi ya juu yalikuwa majivu na ya chini yamegeuka kahawia tu. Nikavunja moja. Moyo wake ulikuwa bado na unyevu. Magunia mawili yakaenda bure, pamoja na kuni za kuwashia.

Kosa hili nalikuta boma kwa boma, na linaniuma kwa sababu si la uvivu. Mnaharakisha. Gunzi likikauka nje mnadhani limekauka lote.

Maji yakiwamo ndani, joto hukwama kwenye nyuzi 100, na mkaa unataka nyuzi 400 hivi. Kila lita 1 hula megajouli 2.6 (kipimo cha nishati ya joto) mpaka iishe kuwa mvuke, wakati kilo nzima ya magunzi makavu ina megajouli 16 hivi. Joto hilo linatoka kwenye magunzi yako mwenyewe.

Wengine mmeniuliza kuhusu kuchoma mkaa kwa maikrowevu. Ni kweli, tope la majitaka na mabaki ya mazao hugeuzwa gesi, mafuta na mkaa kwa mawimbi hayo, ila kwa mitambo maalumu. Tope likishakauka hunyonya mawimbi kidogo, ndiyo maana huchanganywa na vumbi la mkaa ili joto lipande. Hata huko maji ni hasara ileile: kilowati 1 ikiingia yote kwenye maji, lita 1 inachukua dakika 43 kuisha. Maikrowevu ya jikoni msiiguse kwa kazi hii. Gesi zinazotoka zinashika moto, na mojawapo, kaboni monoksaidi, inaua bila harufu.

Sasa kipimo. Chota magunzi kutoka katikati na chini ya rundo, si juu. Yapasue, upime gramu 1,000 kamili. Yakaushe kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo, ukigeuza, bila kuyaunguza. Pima kila nusu saa mpaka uzito usishuke tena. Ukibaki na gramu 850 au zaidi, washa pipa. Ukibaki na chini ya hapo, rudisha rundo juani. Usiniambie "yamekaribia". Mizani ya jikoni inatosha, na kama huna, azima kwa jirani.

Kukausha: tandaza juu ya wavu ulioinuliwa, unene usizidi sentimita 5, geuza mara tatu kwa siku, funika kabla ya umande. Kurundika chini kwenye udongo ni kazi bure.

Kwa tope la majitaka, kosa hili ni ghali zaidi. Tani 1 yenye maji asilimia 80 ina kilo 200 tu za kitu kikavu. Kufikia kipimo chetu cha gramu 850, yaani maji asilimia 15, lazima kilo 765 za maji ziondoke, na ziondolewe na jua. Nakuru mjini, wanaotengeneza makaa ya tope hulikausha kwanza kwenye nyumba ya plastiki, ndipo hulichoma na kulichanganya na mkaa wa vumbi la mbao na molasi. Bonge bichi ambalo moto haukufika ndani laweza kubaki na mayai ya minyoo, na wewe utalisaga kwa mikono. Vaa glavu na buti, na vunja mabonge yawe kama punje za mahindi kabla ya kuyaanika. Mkaa wa tope una majivu mengi, kwa hiyo debe 1 liende na madebe 2 ya mkaa wa magunzi. Saga mchanganyiko huo, na kila kilo 10 za vumbi lake zishikwe kwa nusu kilo ya unga wa muhogo uliopikwa uji.

Moshi ukiwa mwembamba wa samawati, ziba pipa kwa udongo. Mkaa ulioiva huvunjika kwa mlio mkavu.

Briketi nazo zianikwe mpaka uzito usimame. Zipime kwa mizani ileile.