Somo: Kutambua Sarafu Iliyoharibika na Iliyochezewa

Kila mara naletewa picha ya shilingi ya simba, ile sarafu ya kikoloni ya Afrika Mashariki, pamoja na swali lile lile: "Hii ni bei gani?" Bei hufuata hali ya sarafu, na hali hiyo unaweza kuichunguza mwenyewe ukiwa na lenzi ya sonara, mzani wa gramu na mwanga wa dirishani.

1. Usiioshe.

2. Ipime. Shilingi ya Afrika Mashariki ya simba na milima ina takriban gramu 7.8 na kipenyo cha milimita 28 hivi. Sumaku ikiinasa, ni bandia.

3. Chunguza tundu. Senti 5 na senti 10 za kikoloni zilitoka kiwandani na tundu katikati, lililozungukwa na ukingo ulioinuka. Shilingi haikuwa na tundu. Ukiliona juu ya kichwa cha mfalme, sarafu iliwahi kuvaliwa shingoni. Tundu lililozibwa kwa lehemu huacha duara lenye rangi tofauti kidogo, na herufi zilizochongwa upya hapo hazilingani na jirani zake.

4. Tafuta dalili za kusuguliwa. Hapa ndipo sarafu nyingi nzuri zinapopotea, kwa hiyo someni polepole. Igeuzegeuze chini ya taa moja: mng'ao wa asili huzunguka pamoja na mwanga, ilhali sarafu iliyosuguliwa inang'aa kila upande kwa namna moja, na lenzi itakuonyesha mikwaruzo myembamba inayokwenda sambamba huku uchafu ukibaki umejificha kwenye mikunjo ya herufi. Jivu, mchanga na dawa ya meno hukwaruza. Ndimu hula shaba na kuiacha na rangi ya waridi isiyo yake. Ngozi ya sarafu ikishaondoka hairudi, hata fundi awe hodari namna gani. Tena, shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya madini ya fedha, kwa hiyo rangi yake ya kijivu si uchafu wa kuondolewa.

5. Kagua mwaka. Tarakimu iliyobadilishwa huwa na unene au kimo tofauti na wenzake, na uwanja (sehemu tupu ya uso wa sarafu) unaoizunguka huwa umekwanguliwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Nakuru: Yangu nimeisugua ikawa mpya kabisa. Nitapata ngapi?
Jibu: Soma hatua ya 4.

Kakamega: Mwalimu, tundu la senti 10 yangu limekaa pembeni. Nitajuaje kama ni kosa la kiwanda?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. Kibati, yaani kipande cha madini kisicho na chapa bado, hutobolewa kabla ya kupigwa chapa. Kama kilitobolewa vibaya, ule ukingo wa duara utakuwa mahali pake, tundu ndilo litakalokuwa limeukata. Angalia pia ndani ya tundu: kama lilitobolewa baadaye na mtu, keekee huacha mistari ya mzunguko na makali yaliyochomoza. Piga picha pande zote mbili, tuitazame pamoja.

Kisumu: Mbona unakwepa bei? Au unataka kununua kwa bei ya kutupa?
Jibu: Ndugu, mimi sinunui sarafu za wanachama. Siwezi kutaja bei ya kitu ambacho hujakipima.

Bungoma: Senti yangu ina unga wa kijani unaorudi kila nikiufuta.
Jibu: Huo ni ugonjwa wa shaba, unaochochewa na chumvi na unyevu. Itenge na nyingine na uiweke pakavu. Kama uliihifadhi katika mfuko laini wa plastiki wenye harufu kali, chunguza pia nyingine zilizokuwamo, kwa kuwa plastiki ya aina hiyo nayo huacha utando wa kijani unaonata. Hamishia zote kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi.