Kuelewa alaimenti ya magurudumu ya pikapu ya kazi nzito

Namba zinazochapishwa na mashine ya alaimenti, yaani ya kupima na kunyoosha pembe za magurudumu, huwa na maana kwa mwenye pikapu ya kazi nzito pale tu anapojua mambo mawili: aina ya ekseli (muundo unaoshika magurudumu mawili) iliyo mbele ya gari lake, na mzigo uliokuwemo wakati wa kupima. Asipoyajua hayo, anaweza kuondoka gereji na karatasi yenye rangi ya kijani kila mahali, yaani kila kipimo kimo ndani ya mipaka inayokubalika, kisha matairi mapya yakaisha upande mmoja kabla ya wakati wake.

Pembe zenyewe ni tatu. Kemba ni mlalo wa gurudumu unapolitazama gari kwa mbele. Sehemu ya juu ya tairi ikiegemea ndani kemba huwa hasi, na ikiegemea nje huwa chanya. Ikizidi, tairi huisha begani, upande wa ndani au wa nje tu. Kasta huonekana ukisimama ubavuni mwa gari, nayo ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia unapokata kona. Katika pikapu, sehemu ya juu ya mhimili huo hulala kuelekea nyuma, na mlalo huo ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona na kulishika gari katika mstari linapokwenda kasi. Kasta haili tairi sana, ila ikipungua gari hutangatanga barabarani na dereva huchoka kwa kulirekebisha kila mara.

Pembe ya tatu, tou, ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ni tofauti ya umbali kati ya matairi mawili ukipima kwa mbele na ukipima kwa nyuma. Magurudumu yakitazamana kupita kiasi, au yakitengana, kila tairi huburuzwa kidogo kwa ubavu muda wote gari linapotembea. Kwa tairi lenye kipenyo cha milimita 800, kosa la digrii 0.1 ni milimita 1.4 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kiganja hukigundua: upitishe juu ya meno ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha uurudishe. Ukihisi kingo kali unapokwenda upande mmoja na ulaini unapokwenda upande wa pili, shida iko kwenye tou.

Namna ya kurekebisha hutegemea ekseli. Ford Super Duty na Ram 2500 zinazoendeshwa kwa magurudumu manne zina ekseli nzima mbele, yaani bomba moja linalotoka gurudumu hadi gurudumu. Hapo kemba haibadiliki mzigo unapoongezeka, na kuirekebisha humaanisha kufunga bushi (pete ya chuma) maalumu kwenye boljointi, yaani kiungo cha mviringo ambacho gurudumu hugeukia. Pale ambapo tairodi moja, yaani fimbo ya usukani, inaunganisha magurudumu mawili moja kwa moja, tou huwekwa kwa kuizungusha shati ya tairodi hiyo (bomba lenye nyuzi linaloirefusha au kuifupisha), lakini kuizungusha hakuuweki usukani sawa. Usukani hunyooshwa baadaye, kwa fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani. Fundi asiyeitambua tofauti hii huhangaika na tairodi bure. Chevrolet Silverado 2500HD, kwa upande mwingine, ina mikono huru mbele, yaani kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake, na springi za kujisokota, yaani fimbo za chuma zinazobeba uzito kwa kujipinda; kuinua pua ya gari kwa kukaza boliti za springi hizo hubadilisha kemba na tou papo hapo. Kwa hiyo urefu wa gari kutoka chini hupimwa na kuwekwa sawa kwanza, ndipo alaimenti ifuate.

Mzigo nao una neno lake. Karai la nyuma, yaani sehemu ya kubebea mizigo, likijaa, sehemu ya nyuma hushuka, pua huinuka, na kasta huongezeka. Kama pikapu yako hubeba sanduku la zana au tangi kila siku, ipeleke ikapimwe nalo likiwa mahali pake. Kwa gari la ekseli nzima lililoinuliwa kwa springi ndefu huku mikono inayoishikilia ekseli ikibaki ya awali, mambo huwa kinyume: mikono inapoinama, ekseli huzunguka na kasta hupungua, na hiyo ndiyo sababu magari mengi yaliyoinuliwa huyumba.

Kabla ya kulipia kipimo chochote, kagua vifaa. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, matairi yakiwa ya baridi. Liinue gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, kisha shika tairi juu na chini ulitikise: mchezo, yaani kulegea, hapo huashiria boljointi au beringi. Lishike kushoto na kulia, na mchezo utaelekeza kwenye tairodi. Mwisho lishushe chini, mtu mwingine acheze usukani huku na huku injini ikiwaka, nawe utazame fimbo ya mshazari inayoizuia ekseli isihame pembeni. Kwenye ekseli nzima, fimbo hiyo ikilegea huweza kuleta ule mtikisiko mkali unaoliteka gari zima baada ya kugonga shimo, na hakuna alaimenti itakayouponya. Kufunga damper mpya ya usukani (kifaa cha kutuliza mtikisiko wake) huuficha tu.

Usisahau nyuma. Senta bolti ya springi za majani (boliti ya katikati inayoshika vipande vya springi) ikikatika, au yubolti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zikilegea, ekseli ya nyuma husogea na gari hutembea mshazari, usukani ukiwa umepinda ingawa mbele kuko sawa. Dai kipimo cha magurudumu yote manne.

Tou unaweza kuikadiria mwenyewe kwenye sakafu tambarare. Lisukume gari mbele kidogo bila kulirudisha, tia alama katikati ya meno ya kila tairi la mbele kwa nyuma, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu, na upime umbali kati ya alama hizo. Sukuma tena mbele mpaka alama zilezile zifike mbele kwa kimo kilekile, upime mara ya pili. Umbali wa mbele ukiwa mdogo, magurudumu yanatazamana.

Ukipewa karatasi ya mashine, linganisha kushoto na kulia kabla ya kuangalia rangi. Upande mmoja ukiwa kwenye ukomo wa chini na mwingine ukomo wa juu, vyote vitakuwa vya kijani, lakini gari litavuta kuelekea upande wenye kasta ndogo au kemba chanya zaidi. Kwa magari yenye udhibiti wa uthabiti wa kielektroniki, yaani mfumo unaosaidia gari lisiteleze, uliza pia kama kihisio cha pembe ya usukani kimewekwa upya.