Seanothasi: kichaka cha buluu kwa aliyezoea jakaranda

Sisi tuliokulia Nairobi, Oktoba ni jakaranda. Miaka niliyoishi California niliitamani rangi ile, hadi Machi moja nikapita penye kichaka kilichofunikwa maua ya buluu kiasi kwamba majani hayaonekani, nyuki wakivuma kila tawi. Nilinunua mche wiki hiyo hiyo. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeuua kwa maji.

Kwetu bustani humwagiliwa jioni, na mmea ukinyong'onyea unaongezewa. Seanothasi haitaki hivyo. Aina zake nyingi asili yake ni California, ambako mvua hunyesha kipindi cha baridi na kiangazi kikawa kikavu kabisa. Udongo wenye joto ukikaa na maji, mizizi huoza. Majani yanageuka manjano, wewe unadhani ni kiu, unaongeza maji, na hapo ndipo unapoumaliza. Kiangazi cha kwanza umwagilie kwa kina, kisha uache udongo ukauke kabla ya kurudia. Ukishashika mizizi, uache, na usiupande karibu na nyasi zinazonyunyiziwa kila siku. Kama udongo wako ni mzito unaonata kama ule mweusi wa Embakasi, panda juu ya tuta.

California panda mvua zinapokaribia, Oktoba au Novemba. Uingereza ni afadhali majira ya kuchipua, mmea upate miezi ya joto kabla ya baridi kali, tena kando ya ukuta unaotazama kusini au magharibi. Usilipuuze hili la ukuta: Nairobi jua la mchana hupita karibu na utosi, lakini kule hukaa upande wa kusini, na ukuta wa kaskazini hubaki kivulini.

Dukani tafuta kibandiko kilichoandikwa Ceanothus. Mimi ningeanza na 'Concha', ambayo hufika mita mbili hivi na vitumba vyake vyekundu hufunguka kuwa buluu iliyokolea. 'Ray Hartman' ni karibu mti, mita nne au zaidi, kwa hiyo si ya ua mdogo. Kwenye baridi kali chagua 'Gloire de Versailles'. Hii hupukutisha majani na kuchanua mwishoni mwa kiangazi, nayo hupogolewa sana majira ya kuchipua. Zile za kijani mwaka mzima hupunguzwa kidogo tu, mara maua yakiisha. Ukikata hadi sehemu ya zamani ya tawi isiyo na majani, tawi halichipui tena.

Samadi haihitajiki, mizizi yake huhifadhi bakteria wanaoipatia nitrojeni. Haipendi kuhamishwa pia, basi uliyepanga nyumba fikiria kwanza. Mimea mingi ya seanothasi huishi miaka 10 hadi 15.

Dada yangu aliniomba nimletee miche Nairobi. Nilikataa, nawe kataa: kuingiza mmea Kenya kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Mizizi yenye ugonjwa ndani ya sanduku inaweza kumgharimu mkulima asiyekujua. Badala yake nilimpeleka vitalu vya kando ya barabara tukanunua plumbago, kichaka chenye maua ya buluu ya maji, na hiyo haiogopi mvua zetu za Aprili. Sasa imepanda ukingo wote wa lango lake.