Jifunze prosesa kwa kuwa prosesa: penseli, kifutio na visanduku 16

Wengi wanaotaka kuelewa prosesa, chipu inayotekeleza amri ndani ya kompyuta, huanzia kwenye gigahezi na idadi ya viini, yaani maneno ya matangazo, kisha hukwama. Anzia kwingine: shika penseli ufanye kazi ya prosesa mwenyewe, amri moja baada ya nyingine. Saa moja inatosha, na kifutio utakihitaji kweli.

Chora visanduku 16 kwenye karatasi, uvipe namba 0 hadi 15. Hiyo ndiyo kumbukumbu. Namba ya kisanduku ni anwani yake. Kilichoandikwa ndani ni kitu kingine kabisa. Kila kisanduku kinabeba biti 8, yaani tarakimu nane za 0 au 1. Kutoka kulia, 1 ya kila nafasi ina thamani ya 1, 2, 4, 8 na kuendelea mara mbili mbili, kwa hiyo thamani ya kisanduku ni kati ya 0 na 255. Pembeni chora visanduku vitatu vikubwa. Hivi ni rejista, vibao vya prosesa yenyewe:

- Kihesabu: anwani ya amri inayofuata. Biti 4 zinatosha.
- Rejista ya amri: amri inayotekelezwa sasa.
- Rejista A: namba unayoifanyia hesabu.

Amri moja ina biti 8. Nne za kushoto zinasema ufanye nini, nne za kulia zinataja anwani. Amri zetu ni hizi:

0000 usifanye chochote
0001 PAKIA: nakili kilichomo kwenye anwani, weka kwenye A
0010 JUMLISHA: ongeza kilichomo kwenye anwani juu ya A
0011 TOA: punguza kilichomo kwenye anwani kutoka A
0100 HIFADHI: nakili A, weka kwenye anwani
0101 RUKA: weka anwani kwenye kihesabu
0110 RUKA0: ruka ikiwa tu A ni sifuri
1111 SIMAMA

Hakuna amri ya kuzidisha, na hilo ni la makusudi. Prosesa nyingi za mwanzo hazikuwa nayo. Mwandishi wa programu ndiye aliyezidisha kwa kujumlisha tena na tena. Sasa tuzidishe 7 kwa 3. Jaza kumbukumbu hivi:

0: 0001 1110 (PAKIA 14)
1: 0010 1100 (JUMLISHA 12)
2: 0100 1110 (HIFADHI 14)
3: 0001 1101 (PAKIA 13)
4: 0011 1111 (TOA 15)
5: 0100 1101 (HIFADHI 13)
6: 0110 1000 (RUKA0 8)
7: 0101 0000 (RUKA 0)
8: 1111 0000 (SIMAMA)
9 hadi 11: sifuri tupu
12: 0000 0111 (7)
13: 0000 0011 (3, mizunguko iliyobaki)
14: 0000 0000 (jibu litakaa hapa)
15: 0000 0001 (1)

Weka 0 kwenye kihesabu, kisha rudia hatua tatu hizi hadi ukutane na SIMAMA.

Kwanza, leta: soma anwani iliyo kwenye kihesabu, nakili kilichomo kwenye kisanduku hicho hadi rejista ya amri, na papo hapo ongeza 1 kwenye kihesabu. Pili, fumbua: zitenge biti nne za kushoto na nne za kulia. Tatu, tekeleza.

Usichelewe kuongeza ile 1. Ukiiongeza baada ya kutekeleza, RUKA 0 itakupeleka kisanduku 1, maana utakuwa umeandika 0 halafu ukaiongezea. Kosa hilo ni la kawaida, na dalili yake ni kwamba jibu linatoka kasoro bila sababu inayoonekana. La pili kwa kawaida ni kuchanganya anwani na kilichomo: JUMLISHA 12 haiongezi kumi na mbili, inaongeza 7, kwa sababu 7 ndiyo iliyolala kwenye kisanduku 12.

Ukienda sawa, utasimama baada ya amri 24, na kisanduku 14 kitakuwa na 0001 0101, yaani 21.

Iangalie hiyo 0001 0101 vizuri. Ni ishirini na moja, lakini pia ni PAKIA 5. Hakuna alama yoyote kwenye biti inayosema hii ni namba na ile ni amri. Kinachoamua ni njia iliyotumika kuifikia: ikiletwa na kihesabu, ni amri, ikiletwa na PAKIA, ni namba. Ili ulione kwa macho, futa SIMAMA kwenye kisanduku 8, uweke sifuri, kisha endesha programu upya kutoka data ya mwanzo. Kihesabu kitapita 8, 9, 10, 11, 12 na 13 bila kutokea kitu, kitafika 14, na ghafla A itakuwa na 77. Imetoka wapi? Jibu lako limetekelezwa kama PAKIA 5, na 0100 1101 iliyoko kisanduku 5, ukiisoma kama namba, ni 77. Baadhi ya programu zinazoanguka zikiacha ujumbe usioeleweka zimepotea njia kwa mtindo huu huu.

Sasa ndani ya JUMLISHA. Prosesa haijui hesabu. Ina mageti yaliyojengwa kwa transista (swichi ndogo sana za umeme), na kila geti hutoa 0 au 1 kulingana na nyaya zinazoingia. Mzunguko wa mwisho ulijumlisha 14 na 7. Viandike kwa biti, kisha jumlisha safu kwa safu ukianzia kulia:

01110
00111

Safu ya kwanza: 0 na 1, andika 1. Ya pili: 1 na 1, andika 0 ubebe 1. Ya tatu: 1, 1 na iliyobebwa, andika 1 ubebe 1. Ya nne: 1, 0 na iliyobebwa, andika 0 ubebe 1. Ya tano: iliyobebwa peke yake, andika 1. Umepata 10101, ambayo ni 21.

Kila safu inahitaji mageti machache tu: ya kutambua biti zinazotofautiana (hayo hutoa cha kuandika) na ya kutambua walau mbili ni 1 (hayo hutoa cha kubeba). Kutoa hakuhitaji mtambo wa pili. Ili kupunguza 1, geuza kila biti yake, 0000 0001 iwe 1111 1110, ongeza 1 upate 1111 1111, kisha jumlisha. 3 na 1111 1111 hutoa 0000 0010 na moja ya kubeba inayodondoka nje ya biti ya nane. Iache idondoke.

Hapa ndipo saa ya prosesa inapoeleweka. Safu ya tano haikuweza kuwa sahihi mpaka ya nne ibebe, na ya nne ilisubiri ya tatu. Kila geti huchelewa kidogo, na katika kipindi hicho nyaya za jibu zina takataka. Saa ni mdundo unaoiambia rejista: sasa nakili. Mdundo ukija kabla ya kubeba kufika mwisho, rejista itanakili takataka. Ndiyo maana anayeilazimisha prosesa ikimbie kupita kiwango chake hupata makosa ya ajabu hata kama haijapata joto la kuungua. Prosesa ya 3 GHz hupiga midundo bilioni 3 kwa sekunde, na ndani ya mdundo mmoja mwanga wenyewe husafiri kama sentimita 10 tu. Ili kwenda na kasi hiyo, prosesa halisi hazisubiri kubeba kutambae safu kwa safu. Zina mageti ya ziada yanayokokotoa mapema nini kitabebwa.

Mengine ya prosesa za leo ni nyongeza juu ya karatasi yako. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista kama 2,300 na ilifanya hesabu kwa biti 4; za sasa zina mabilioni, ila leta, fumbua, tekeleza bado ndiyo kazi. Kwa kuwa kwenda hadi kumbukumbu kuu huweza kugharimu midundo mia na zaidi, huwekwa kashe, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa. Kwa kuwa sehemu ya kuleta hukaa bure wakati wa kutekeleza, amri ya pili huletwa wakati ya kwanza inatekelezwa. Hapo RUKA0 inaleta shida: bado haijulikani njia itakwenda wapi, kwa hiyo prosesa hubashiri, na ikikosea hutupa kazi iliyokwisha kuianza.

Jaribio la mwisho: rudisha SIMAMA, weka 0 kwenye visanduku 13 na 14, uendeshe. Programu hupunguza kabla ya kukagua, hivyo 0 kutoa 1 inakuwa 255, na mizunguko inakuwa 256, amri 2,048 kwa jumla. Na bado jibu litakuwa 0, sahihi, kwa bahati tu: 7 mara 256 ni 1,792, inayogawanyika kwa 256 bila baki, na kisanduku cha biti 8 hushika baki hilo tu. (Usiifanye kwa penseli.) Dawa ni kukagua kwanza, ndani ya visanduku vilevile tisa:

0: PAKIA 13
1: RUKA0 8
2: TOA 15
3: HIFADHI 13
4: PAKIA 14
5: JUMLISHA 12
6: HIFADHI 14
7: RUKA 0
8: SIMAMA

7 mara 3 sasa inachukua amri 27 badala ya 24. 7 mara 0 inachukua 3.