Somo: Mguu ukiteguka, kabla hujakodi boti

Asalaam aleikum wanachama.

Hapa Lamu miguu huteguka sana kwenye ngazi za gati. Maji yakipwa, vidato vya chini hubaki wazi na utelezi wake. Mtu anashuka mashuani na mzigo begani, wayo unageukia ndani, uzito wote unauangukia. Zinazoumia mara nyingi ni kano za upande wa nje, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa chini ya jicho la mguu, ule mfupa uliotokeza ubavuni mwa kifundo. Mfupa wenyewe huvunjika mara chache zaidi. Lakini aliye kisiwani, mbali na hospitali, hana eksirei mlangoni. Ana mafuta ya boti ya kulipia, siku ya kazi itakayopotea, na mtu wa kumsindikiza. Somo hili ni la kumsaidia aamue.

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walitoa kanuni ya kujua ni kifundo kipi kinahitaji picha ya eksirei. Imejaribiwa kwingi tangu hapo, na ni nadra sana mvunjiko wa maana kuipita. Haitaki chombo chochote ila kidole gumba.

Kwanza, tazama kabla ya kugusa. Mguu umepinda? Kuna kidonda penye maumivu? Vidole vimekuwa baridi, vyeupe au vina ganzi? Kimoja kikiwepo, usiendelee na somo. Ufunge mguu na mto au ubao jinsi ulivyo, usiunyooshe, mwende hospitali.

Pili, bonyeza mfupa. Hapa ndipo wengi hukosea: wanabonyeza penye uvimbe, mgonjwa anapiga kelele, wanasema umevunjika. Uvimbe utauma tu. Wewe tafuta mfupa. Shika jicho la mguu la nje, kisha telezesha kidole gumba nyuma yake, kwenye ukingo unaotazama kisigino. Anza juu, sentimita 6 kutoka ncha, kama upana wa vidole vitatu hadi vinne vilivyobanwa pamoja, ushuke polepole hadi nchani. Mtazame mgonjwa usoni, usitazame mguu. Fanya vivyo hivyo jicho la ndani. Kisha bonyeza sehemu mbili zaidi: kinundu kilicho ubavuni nje, katikati ya kisigino na kidole kidogo, na mfupa ulio ndani, mbele kidogo ya jicho, juu ya upinde wa wayo. Mfupa ukiuma katika mojawapo ya sehemu hizi nne, picha inahitajika.

Tatu, hatua nne. Je, aliweza kwenda hatua nne pale pale alipoumia? Anaweza sasa? Kuchechemea kunahesabiwa, mradi kila mguu ubebe uzito mara mbili. Akishindwa nyakati zote mbili, apelekwe. Akiweza, na mifupa haiumi, boti isubiri.

Msiitegemee kanuni hii kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza, kwa aliyelewa, wala kwa mgonjwa wa sukari aliyepoteza hisia za miguu. Hao wapelekwe.

Nne, tiba ya nyumbani. Siku mbili tatu za mwanzo: pumzisha mguu, uinue juu ya mito upite kiwango cha moyo, ufunge bendeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kupanda. Barafu ipo kwa wachuuzi wa samaki. Ifunge kwa leso, isigusane na ngozi, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Paracetamol kwa mtu mzima: vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa saa 24.

Nawaombeni sana, siku hizo msikande kwa maji moto wala kuchua. Ndani kunavuja damu, na joto na kusugua huongeza uvujaji. Mimi mwenyewe nilichuliwa nikiwa mdogo, usiku ule ule. Asubuhi kifundo kilikuwa kama shelisheli.

Maumivu yakipungua, usiugandishe mguu. Andika herufi za Kiarabu hewani kwa kidole gumba cha mguu, alifu hadi ye, mara tatu kwa siku. Baadaye simama kwa mguu ulioumia huku unapiga mswaki, mkono karibu na ukuta. Zoezi hili ndilo linalozuia kuteguka tena, na ndilo watu huliacha.

MASWALI

*Daktari, mimi ni mvuvi, wiki ya pili sasa. Natembea bila kuchechemea. Nirudi baharini?*

Simama kwa mguu huo nusu dakika, kisha ruka kwa mguu huo huo mara tano. Ukiuma au ukilegea, bado. Kano iliyochanika kiasi huchukua wiki 3 hadi 6, iliyokatika kabisa hata miezi 3. Chombo kinachoyumba hakitakuhurumia, ndugu yangu.

*Mwanangu ana miaka minane, bibi yake anasema ni kano tu, tumchue kwa mafuta ya nazi.*

Mama, kwa heshima zote za bibi, subirini. Kwa mtoto, karibu na ncha ya mfupa kuna gegedu la kukulia, sehemu laini ambapo mfupa hurefukia, na mara nyingi ni dhaifu kuliko kano. Kinachoonekana kuteguka huenda ni hilo limeumia. Mbonyeze jicho la mguu kama nilivyoeleza. Mfupa ukiuma, mpeleke hospitali.

*Kaka yangu alifungwa jana na fundi wa mifupa, vijiti na kamba. Usiku huu analia, vidole vimekuwa baridi.*

Legezeni sasa hivi, kamba zote, kabla hamjamaliza kusoma. Kifundo hakitaharibika kwa kufunguliwa, lakini nyama ya mguu ikikosa damu hufa kwa saa chache. Minya ukucha, uachie: wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Niambie.

*Tumefungua. Wekundu umerudi ila taratibu. Ganzi haijaisha.*

Basi ganzi hiyo isingoje asubuhi. Mwamsheni nahodha.