Somo: Namna ya Kufuatilia Mahali Mpira Unapoanzia katika Futiboli ya Kimarekani

Nimeandika somo hili kwa sababu kila msimu, hapa Minnesota ninakoishi, jamaa wanaokuja kutazama mechi kwangu huniuliza swali lilelile: timu ina majaribio manne, mbona katika la nne inaupiga mpira teke na kumwachia mpinzani? Jibu ni kwamba hawampi bure, bali wanamwachia mpira ili wapate yadi 40 au zaidi za uwanja. Biashara hiyo hufanywa na timu maalumu, yaani wachezaji wanaoingia wakati wa mateke tu, na anayetaka kuiona anahitaji karatasi na kalamu.

Hatua ya 1. Chora uwanja wa yadi 100, pamoja na eneo la mwisho la yadi 10 kila upande.

Hatua ya 2. Kumbuka kwamba timu ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10, na ikishindwa, mpinzani anaanza palepale mpira ulipoishia.

Hatua ya 3. Kila timu inapopata mpira, andika yadi inayoanzia. Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo naomba msome polepole. Namba za uwanja hupanda kutoka 10 hadi 50, kisha hushuka tena hadi 10, maana yake kuna yadi 30 mbili: moja iko mbele ya lango lako na nyingine iko mbele ya lango la mwenzako. Nilipojitolea kuweka kumbukumbu za timu ya shule anayosoma mwanangu, niliandika "30" bila kusema ni ya nani, nikatafuta wastani, nikampelekea mwalimu wa timu karatasi iliyoonyesha kwamba wapinzani walikuwa wakianza mbali kama sisi. Aliisoma, akaniuliza kwa upole, "Hii 30 ni ya upande gani?" Sikuwa na jibu, na karatasi za mechi nne zikaishia kwenye pipa la taka. Tangu siku hiyo nahesabu kuanzia mstari wa goli wa timu yenye mpira, 1 hadi 99, kwa hiyo yadi 30 ya wapinzani naiandika 70. Angalia pia kwamba timu hubadilishana pande kila robo ya mchezo, si wakati wa mapumziko tu. Mshale wa mwelekeo uchorwe upya kila robo, la sivyo robo ya pili yote itasomeka kinyume.

Hatua ya 4. Pima teke la kuondosha mpira, lile la jaribio la nne, kwa faida halisi, si kwa urefu wake. Timu ikiwa kwenye yadi 45 ya kwao, mpigaji akapiga yadi 55 hadi mpira ukaingia eneo la mwisho, watazamaji watashangilia, lakini mpira utawekwa kwenye yadi 20 ya wapinzani na faida itakuwa 35. Mwenzake akipiga yadi 44 na mpira ukadakwa kwenye yadi 11 ya wapinzani bila mdakaji kukimbia nao, amemshinda kwa yadi 9.

Hatua ya 5. Kwa fildi goli, yaani teke la pointi 3, ongeza 17 kwenye yadi ya mpira: 10 za eneo la mwisho na takriban 7 za kurudi nyuma hadi kwa mshikaji, anayeusimamisha mpira ili upigwe. Kutoka yadi 35 ya wapinzani ni teke la yadi 52, na likikosa, mpinzani anaanza pale lilipopigwa, kwenye yadi 42 yake.

Hatua ya 6. Mwisho wa mechi linganisha wastani wa timu mbili, kisha andika pembeni makosa ya mateke, kwa kuwa wastani huyameza. Katika Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya NFL, ya Februari 2024, San Francisco walikuwa mbele 10–6 dhidi ya Kansas City. Teke la kuondosha la Kansas City likadunda na kumgusa mguu mchezaji wa San Francisco, Kansas City wakauchukua mpira kwenye yadi 16 ya San Francisco, na mchezo uliofuata tu ulikuwa tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho kwa pointi 6. Baadaye San Francisco walifunga tachidauni, lakini teke lao la pointi moja ya ziada lilizuiwa na Leo Chenal, wakabaki mbele kwa 16–13 badala ya 17–13. Fildi goli moja ikatosha kusawazisha, na Kansas City wakashinda 25–22 katika muda wa nyongeza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mgeni wa Jumapili: Somo zuri, ila sijaelewa kwa nini wasitumie tu lile jaribio la nne.

Jibu: Aya ya kwanza.

Mgeni wa Jumapili: Nimeisoma. Lakini siku hizi timu nyingi zinajaribu badala ya kupiga teke. Huoni kwamba somo lako limepitwa na wakati?

Jibu: Ni kweli zinajaribu zaidi kuliko zamani, na sijaandika popote kwamba wasijaribu. Nimeandika namna ya kupima gharama. Ukishindwa kwenye yadi 30 ya kwako, mpinzani tayari yuko umbali wa fildi goli ya yadi 47 bila kusogea hata hatua moja. Ukishindwa kwenye yadi 38 yake, bado ana safari ndefu. Uamuzi ni uleule wa mahali mpira ulipo, kwa hiyo tafadhali soma Hatua ya 5 kabla ya kulizika somo.

Msomi wa Hesabu: Je, yadi zote zina thamani sawa? Kutoka 5 hadi 15 ni sawa na kutoka 50 hadi 60?

Jibu: Hilo ndilo swali nililokuwa nikilisubiri. Mwaka 1971 Virgil Carter, aliyekuwa kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) wa Cincinnati, na Profesa Robert Machol walichapisha utafiti uliotumia mechi za msimu wa 1969. Waliuliza: timu ikianza jaribio la kwanza mahali fulani, kwa wastani pointi zinazofuata zitakwenda kwa nani, na ni ngapi? Karibu kabisa na goli la wapinzani jibu lilikuwa takriban 6. Kwenye yadi 5 ya kwao lilikuwa chini ya sifuri, maana yake mwenye mpira ndiye aliye hatarini zaidi kufungwa kuliko yule asiye nao! Ndiyo sababu teke linaloishia kwenye yadi 4 ya wapinzani huwafanya walinzi wa timu iliyopiga waingie uwanjani wakirukaruka.

Shabiki wa Raga, Nairobi: Sisi wa raga tunaijua habari ya kupiga mpira ili kupata eneo. Je, mchezaji wa raga anaweza kuingia huko?

Jibu: Ameshaingia. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alisajiliwa na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013 akitoka kwenye raga, na alipopewa nafasi uwanjani alianzia timu maalumu. Tofauti moja itakayokusumbua ni hii: teke la kuondosha lisipoguswa na mpokeaji, timu iliyopiga haiwezi kuuchukua mpira na kuendelea nao, inaweza tu kuusimamisha ulipo. Teke la kuanzia ni kinyume chake, kwa kuwa likishavuka yadi 10 ni la yeyote atakayeuwahi, na mpokeaji anayeuacha udunde kwa kudhani ni teke la kuondosha atajuta.

Mama wa Watatu: Timu yangu ina washambuliaji hodari na walinzi hodari, kwa hiyo haya mateke hayanihusu sana.

Jibu: San Diego ya mwaka 2010 iliongoza ligi nzima kwa yadi za mashambulizi na pia kwa uchache wa yadi ilizoruhusu, ikamaliza kwa kushinda mechi 9 na kupoteza 7, na kukosa hatua ya mtoano. Mjini Seattle walipoteza 27–20 siku ambayo Leon Washington aliyarudisha mateke yao mawili ya kuanzia hadi tachidauni.

Mama wa Watatu: Basi nimekubali. Nianze na nini nikiwa sina subira ya karatasi?

Jibu: Anza na saa ya sekunde, dada yangu. Ibonyeze mpira unapoondoka mguuni na uisimamishe unapodakwa. Teke la yadi 45 likielea sekunde 4.5, wakimbiaji wa timu iliyopiga wanafika pamoja na mpira, na mpokeaji huinua mkono kuashiria kwamba atadaka bila kukimbia. Likielea chini ya sekunde 4, usiondoe macho kwenye runinga.

Mgeni wa Jumapili: Akishadaka kwa kuinua mkono, mchezo umekwisha hapo?

Jibu: Sasa umeuliza vizuri. Timu yake inaweza kuchagua kupiga fildi goli kutoka hapohapo bila kusumbuliwa na walinzi. Cameron Dicker wa timu ya Chargers alifunga hivyo kwa yadi 57 dhidi ya Denver mwezi Desemba 2024, na kabla yake hakuna aliyekuwa amefunga la namna hiyo katika ligi tangu 1976.